Taulo la Chumba cha Nne

Obiero, umepiga simu mara tatu wiki hii
kuuliza kama nyumba imepata mteja.
Imepata sita. Wa kulala.
Wawili wa semina ya mifereji,
mmoja wa ndege, yule anayehesabu heroe kule Simbi
na kunisomea hesabu yake kabla sijamimina chai,
na watatu wa matanga ya kwa Nyangweso,
waliokuja Kendu Bay na ngoma mbili.
Ngoma nimezilaza stoo, na gunia la mkaa.

Saa kumi na moja alfajiri niko jikoni.
Uji wa wimbi haumngoji mtu.
Mayai navunja moja moja, kwanza kikombeni,
tangu lile viza lililomtimua mkaguzi wa kaunti.
Viazi vitamu vinatokota kwenye sufuria kuukuu
yenye jina la Kihindi lililokwaruzwa ubavuni,
jina la yule aliyeuza pamba na vioo vya taa,
kisha akamwuzia Babu kuta hizi,
sufuria,
na paa linalovuja palepale hadi leo.

Juu ya mlango mwaka bado unasomeka: 1931.
Wageni hupiga picha hapo,
halafu huuliza kama kuna maji moto.
Yapo. Nayabeba kwa ndoo.
Huuliza pia gati la meli liko wapi.
Nawaonyesha kwa kijiko:
pale, maji yanapojikunja kidogo
kama shuka lililotandikwa na mtu mwenye haraka.

Wewe ulikuwa bwenini usiku ule, hukumwona.
Mvua ya Aprili, vyumba vimejaa,
bibi mmoja akabisha. Hana mwavuli, hana senti,
ana kuku kwapani.
Baba akasema, nafasi hakuna.
Mama hakujibu. Alielekeza kidevu tu
upande wa Simbi,
ambako kijiji kizima, wanasimulia, kilizama
na sherehe yake, na mitungi ya pombe,
kwa kumfungia mlango kikongwe kama huyu.
Baba akahamia kochi. Mama akahamia mkeka.
Bibi akapewa chumba cha nne, kitanda chao wenyewe,
na kuku akatagia ndani ya kiatu cha Baba.

Asubuhi bibi akasema chai ni maji,
yai ni chumvi, godoro lina kilima.
Akaenda zake bila ahsante,
taulo letu jipya amejifunga kiunoni.
Mama alicheka mpaka akakaa chini.
"Basi," akasema, "tumesalimika."

Lakini ziwa, ndugu yangu, halikupata habari hizo.
Mwaka ule wa maji lilikuja na magugu yake,
likala gati, likala choo cha nje,
likala migomba ya Mama, ambaye hakuwepo tena kuilalamikia,
likafika likasimama kipandio cha tatu
kama mgeni asiyejua abishe au aite.
Nilitoka na kurunzi, nikalimulika.
Sikuomba dua. Nisamehe.
Nilitaka kulidai lile taulo.

Vipandio ni saba. Leo maji yako cha pili,
na kile cha tatu kimeota ukijani, nakisugua Jumamosi.
Huyo mnunuzi wako wa Nairobi, mwambie aje.
Elfu moja na mia tano, pamoja na kifungua kinywa.
Alale, asikie ziwa likijigeuza chini ya dirisha,
ale kiazi kwa mkono,
kisha tuongee bei, kama bado ana hamu.

Akifika usiku abishe kwa nguvu,
kengele iliingia maji.
Nitafungua. Sijui kutofungua.

Na wewe siku ukija, Obiero,
chumba cha nne ni chako,
ila njoo na taulo.